Punguzo la Mafuta ni Mali ya Usharika

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya watunza hazina na wajumbe wa Kamati za Sharika, mbele ya wageni kutoka kwa wafadhili wetu. Tunaichapisha kwa ajili ya sharika ambazo hazikuweza kuleta mjumbe.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kuokoa fedha za mafuta ya magari na pikipiki. Ombi hili limetoka pande mbili. Kamati za Sharika zinauliza kwa nini fungu la usafiri huisha kabla ya robo mwaka kuisha. Baadhi ya marafiki zetu wa Marekani nao wanauliza kama huku kwetu kuna kadi za pointi kama zile wanazotumia kwao. Maswali haya mawili ni ndugu, na tutayajibu pamoja.

Tuanze na la kwao, maana ndilo linaloeleweka kwa haraka. Kule Marekani yako maduka makubwa ya vyakula yanayompa mteja pointi kila anaponunua. Katika maduka ya Kroger, kwa mfano, kila dola moja ya manunuzi huleta pointi moja, na pointi 100 humpunguzia mteja senti 10 kwa kila galoni ya mafuta. Galoni moja ni lita 3.8 hivi. Mtu akijaza galoni 15 atakuwa ameokoa dola moja na nusu. Ni jambo jema, lakini tuangalie hesabu yake: ili apate dola moja na nusu alitumia kwanza dola 100. Kama vyakula vile alivihitaji, amepata faida. Kama alinunua ili apate pointi, amepata hasara na hajui. Hapo tunajifunza kwamba punguzo ni faida tu pale linapokukuta kwenye safari ambayo ungeifanya hata hivyo.

Sasa turudi nyumbani.

1. Bei kikomo si bei moja

Wengi wetu tunaamini kwamba bei ya mafuta hupangwa na Serikali na kwa hiyo hakuna la kuchagua. Sivyo kabisa. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Bei kikomo ni dari: kituo hakiruhusiwi kuivuka, lakini kinaruhusiwa kuuza chini yake. EWURA yenyewe huvihimiza vituo kufanya hivyo, na huvitaka vionyeshe kwenye bango bei, punguzo na vivutio vya biashara vinavyotolewa. Kuuza bila bango linaloonekana ni kosa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtunza hazina ni hili: bei kikomo ya wilaya yetu mwezi huu ni kiasi gani? Jibu hupatikana bila gharama kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Mtunza hazina mwenye namba hiyo kwenye daftari lake anaweza kuikagua kila risiti inayoletwa mezani.

Bei hizo hutofautiana kutoka wilaya hadi wilaya, kwa sababu hukokotolewa kuanzia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kisha huongezwa gharama ya kusafirisha. Kadiri unavyokwenda mbali na barabara kuu, ndivyo dari inavyopanda. Bei kikomo ya Loliondo huwa juu kuliko ya Arusha mjini. Gari letu linaloelekea pembezoni linapaswa kujaza tangi mjini kabla ya kuondoka, siyo kujaza nusu kwa matumaini kwamba lingine litapatikana mbele. Likijazwa huko mbele, tunalipia usafirishaji wa mafuta ambayo gari letu lenyewe lingeweza kuyabeba ndani ya tangi lake.

Tukumbuke pia kwamba bei mpya huanza siku ile ile ya Jumatano. Mabadiliko ya soko la dunia hayatufikii siku hiyo hiyo. Hufuata shehena zinazoingia bandarini, hivyo hutufikia baada ya wiki kadhaa. Mwaka 2022 bei zilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni mwaka huo, waliofuatilia habari walikuwa wameuona mzigo ukija. Mtunza hazina anayesikia redioni kwamba mafuta ghafi yamepanda ana muda wa kurekebisha ratiba ya safari. Tusielewe vibaya: hatusemi mtu aweke madumu ya petroli stoo. Hilo ni hatari. Tunasema tangi la gari lijazwe Jumanne kama kuna dalili ya bei kupanda, na lisijazwe hadi Jumatano kama kuna dalili ya kushuka.

2. Unafuu unaotia shaka

Bei ya lita moja ndani yake kuna gharama ya kununua nje, meli, kodi na tozo, usafirishaji, na faida ya kampuni na ya kituo. Mwenye kituo hawezi kupunguza kodi wala gharama ya meli. Anachoweza kupunguza ni sehemu ya faida yake, ambayo ni ndogo. Ndiyo maana punguzo la kweli huwa dogo. Mtu akikuuzia dizeli kwa bei ya chini sana kuliko vituo vingine vyote vya mji, jiulize amepunguza wapi. Huenda amepunguza kwenye ujazo. Huenda mafuta yamechanganywa. Huenda ni mafuta ya wizi yaliyonyonywa kwenye matangi ya malori.

Uchakachuaji si hadithi. Kwa miaka mingi mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, yalichanganywa na dizeli na petroli. Ndiyo sababu mwaka 2010 nchi yetu ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ili yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa kishawishi. Hali ikawa nafuu, lakini busara ya mnunuzi bado inahitajika. Pampu na nozeli za injini ya dizeli zikiharibiwa na mafuta machafu, gharama ya matengenezo humeza punguzo la miaka. Rahisi namna hiyo ni ghali.

Jambo hili linawahusu zaidi wainjilisti wetu wenye pikipiki, ambao mara nyingi hununua petroli ya kwenye chupa kando ya njia. Hatuwalaumu, maana vijiji vingine viko mbali na kituo. Lakini chupa haina kipimo kilichohakikiwa na haitoi risiti, na ukiigawa bei yake kwa ujazo halisi, mara nyingi utakuta umelipa juu ya bei kikomo. Pampu za vituoni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Tunashauri kila usharika upange siku ambayo pikipiki hupita kituoni, pengine siku ile ile mwinjilisti anapokuja kwenye kikao, ajaze tangi na kuondoka na risiti.

Na yale ya bure? Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Tuwaambie vijana wetu, bila kuchoka, kwamba hakuna lita inayostahili bei hiyo.

3. Kadi za mafuta na pointi

Sasa tulijibu swali la wageni wetu. Kadi zipo na huku kwetu. Kampuni kubwa za mafuta zina kadi za taasisi ambazo fedha huwekwa kwanza na gari hujaza hadi salio liishe, na nyingine ambazo taasisi hujaza kwanza na kulipa mwisho wa mwezi. Kadi nyingi zina namba ya siri. Nyingi huruhusu kuweka mpaka: gari fulani, dizeli tu, kiasi fulani kwa siku. Mwisho wa mwezi taasisi hupata taarifa inayoonyesha lini, wapi na kiasi gani. Kwa maoni yetu taarifa hiyo ina thamani kubwa kuliko pointi zenyewe, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, kabla Kamati haijasaini fomu, iulize maswali haya na kuandika majibu kwenye muhtasari wa kikao:

(a) Kadi inatozwa ada? Kwa mwezi au kwa mwaka?
(b) Punguzo linatolewa kwenye bei ya lita, au ni pointi tu? Pointi zinaisha muda wake lini?
(c) Vituo vya kampuni hiyo viko kwenye njia zetu, au viko mjini peke yake?
(d) Fedha tulizoweka zinaweza kurudishwa kama mradi umefungwa?
(e) Kadi ikipotea tunampigia nani, na nani anabeba hasara hadi ifungwe?
(f) Kama ni kadi ya kulipa mwisho wa mwezi, wanataka dhamana gani, na tukichelewa tunatozwa nini?

Swali la (c) ndilo linalosahaulika zaidi. Tuchukue mfano, kwa bei ya kurahisisha hesabu. Kituo kilicho njiani kinauza dizeli shilingi 3,000. Kituo chenye kadi kinauza shilingi 2,960, lakini kiko kilomita 12 nje ya njia. Land Cruiser yetu tuseme inakwenda kilomita 8 kwa lita. Kwenda na kurudi ni kilomita 24, yaani lita 3, karibu shilingi 9,000. Tukijaza lita 60 tumeokoa shilingi 2,400. Tumepoteza zaidi ya shilingi 6,000 huku tukifurahia punguzo. Lakini kama kituo hicho kipo njiani, hiyo 2,400 ni yetu yote.

4. Pointi ni za nani?

Ndugu wajumbe, hapa ndipo tunapoomba tusikilizane vizuri.

Vivutio vya vituo hutolewa kwa yule aliyesimama mbele ya pampu. Ni dereva. Yeye ndiye anayepewa soda, fulana, au pointi zinazoingia kwenye namba ya simu. Kituo kinafanya biashara yake na hakina kosa. Lakini mafuta yamelipiwa na sadaka ya washarika, au na fedha ya mradi iliyokusanywa na watu wa mbali ambao wengi wao si matajiri. Punguzo lililozaliwa na fedha hiyo ni mtoto wa fedha hiyo. Likiingia kwenye simu ya mtu binafsi, kuna mambo mawili hutokea. La kwanza, usharika umepoteza kidogo. La pili ni zito zaidi: uchaguzi wa kituo hauongozwi tena na bei ya lita, bali na zawadi. Dereva atapita vituo viwili vya bei nafuu ili afike kwenye kile chenye pointi zake. Pasipo mtu yeyote kuiba, fedha imevuja.

Hatusemi haya ili kuwashuku madereva. Dereva si mtuhumiwa. Ni yeye anayewajua wagonjwa wa kliniki ya kutembelea kwa majina, na ndiye anayelala kwenye gari likikwama kwenye matope. Apewe posho yake kwa haki na kwa wakati. Mtu anayecheleweshewa posho miezi miwili anajaribiwa, na sehemu ya lawama inamwangukia aliyechelewesha. Ila utaratibu uwe wazi kwa wote, kuanzia gari la Askofu hadi pikipiki ya mtaa wa mwisho: kadi na pointi ziandikishwe kwa jina la taasisi, zitumike kununua mafuta au kubadilisha oili ya gari lile lile, na ziandikwe kwenye vitabu kama punguzo la gharama.

Kwa wafadhili wetu hili si adabu tu, wakati mwingine ni sharti. Kanuni za fedha za misaada ya Serikali ya Marekani, kwa mfano, zinataka punguzo na marejesho yote yapunguze gharama inayodaiwa kwenye mradi. Usharika ukidai lita kwa bei kamili na kubaki na punguzo pembeni, mkaguzi akifika hataliita punguzo. Atakuwa na jina lingine.

Risiti ya kielektroniki ya pampu ndiyo ushahidi wetu. Iwe na jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta, na bei kwa lita. Nyuma yake dereva aandike namba ya gari na kilomita zilizosomeka. Ni kazi ya nusu dakika, na humlinda dereva mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

5. Kununua pamoja

Tangu mwaka 2012 nchi yetu huagiza mafuta kwa mfumo wa pamoja: kampuni huunganisha mahitaji yao, zabuni hutangazwa, na meli kubwa huleta mzigo wa wengi. Kanuni yake ni rahisi, kwamba anayenunua kingi husikilizwa.

Usharika mmoja wenye pikipiki moja hauwezi kwenda kwa mwenye kituo kuomba punguzo. Lakini sharika za jimbo zima, pamoja na shule, hospitali na miradi ya diakonia, zikihesabu lita zao kwa pamoja, zina la kusema mezani. Tunapendekeza kila jimbo likusanye hesabu ya lita za miezi mitatu, kisha liombe bei kwa maandishi kutoka vituo visivyopungua vitatu vilivyo kwenye njia zetu. Anayetoa bei nzuri, vipimo sahihi na risiti ndiye tufanye naye kazi kwa mwaka mmoja, kisha tuulize tena. Tusifungwe na mazoea, wala na undugu na mwenye kituo.

6. Lita nafuu kuliko zote

Tumalizie hesabu. Tuchukue jimbo lenye magari 4, kila moja likitumia lita 250 kwa mwezi. Jumla ni lita 1,000. Tukipata punguzo la shilingi 40 kwa lita, tunaokoa shilingi 40,000 kwa mwezi, sawa na 480,000 kwa mwaka. Kwa bei ya 3,000 hizo ni lita 160, kilomita 1,280. Kama mtaa wa mbali uko kilomita 40 kutoka ofisini, tumepata safari 16 za kuwatembelea yatima na wagonjwa. Si haba. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini angalieni upande wa pili. Kila gari likiacha safari moja tu kwa wiki ya kilomita 80 isiyo ya lazima, kwa mfano kwa kuunganisha kikao, ugawaji wa sare na ziara ya mradi katika siku moja, tunaokoa lita 10 kila mara. Magari 4 kwa wiki 4 ni lita 160. Yaani tunapata kwa mwezi mmoja kile ambacho punguzo linatupa kwa mwaka mzima.

Hali kadhalika namna ya kuendesha. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba ulaji wa mafuta huongezeka kwa kasi mara gari linapovuka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na kwamba upepo sahihi wa matairi unaweza kuokoa hadi asilimia 3. Asilimia 3 ya shilingi 3,000 ni shilingi 90 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya punguzo letu la mfano, na kipimo cha upepo hakihitaji kadi.

Hatusemi haya ili kuzibeza kadi. Tunasema zikae mahali pake. Kwanza tuulize kama safari ni ya lazima. Pili tuipange vizuri. Tatu gari liwe zima. Ndipo tutafute punguzo, na tukilipata liandikwe.

Tunachoomba

Kabla ya kikao cha robo ijayo, tunaomba kila Kamati ifanye mambo matatu. Ilete jumla ya lita na kilomita za kila chombo kwa miezi mitatu, hata kama hesabu hiyo haipendezi. Ipitishe kwa muhtasari kwamba punguzo, pointi na zawadi za mafuta ni mali ya usharika. Na ipange ratiba ya safari ya mwezi mzima, ibandikwe ukutani ambapo dereva, mchungaji na mtunza hazina wote wataiona.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mkiona fungu la usafiri limebaki na salio, msilikate mwaka unaofuata kabla ya kutuuliza. Usharika unaonyang'anywa ulichookoa utajifunza kutookoa tena. Turuhusuni salio hilo liwe safari za mitaa ambayo haijawahi kufikiwa na gari la kliniki. Mitaa hiyo ipo, na Kamati zake zimekaa humu ndani leo.